Tezi ya shingo yenye kufanya kazi pole pole: namna ya kuijua, kuitunza na kuishi nayo

Kuna ugonjwa wenye hauangushi mutu kwa siku moja. Unakuja pole pole, sawa taa yenye kuishiwa petroli. Mutu anachoka bila kufanya kazi nguvu. Anasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho. Asubuhi uso umevimba, sauti imekuwa nzito, choo inafunga, nywele zinabaki ku kichanuo. Mu nyumba kila mutu anaupatia jina yake: malaria yenye haiishe, ukosefu wa damu, mawazo mingi, uvivu, ao karuho. Wanganga wanauita ipotiroidi, ni kusema tezi ya shingo inafanya kazi chini ya kipimo.

Ugonjwa huu uko na dawa yenye inajulikana tangu zamani, na mutu anaweza kuishi nayo muzuri mupaka uzee. Kidonge kimoja kidogo, kila siku. Lakini hapa kwetu watu wengi wanarudi ku kitanda, si kwa sababu dawa haina nguvu, lakini kwa sababu walisikia muzuri kisha wakaiacha. Kwa hiyo tumetayarisha maelezo haya kwa ajili ya mugonjwa, kwa ajili ya mwenye kumutunza, na kwa ajili ya kila mutu mwenye anaishi huku mu milima yetu, kwenye shida ya tezi hii iko na historia ndefu.

Tezi ya shingo inafanya kazi gani

Weka vidole mbele ya shingo, chini ya ile fupa ya koo yenye kupanda na kushuka wakati unameza. Pale ndipo tezi inalala, ikiwa na umbo sawa ya kipepeo mwenye kufungua mabawa. Kwa mutu muzima iko ndogo, na mara nyingi mukono hauisikii.

Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili zenye kupita mu damu: T4 na T3. Homoni hizo ndizo zinaambia mwili kwa mwendo gani ufanye kazi: moyo upige namna gani, tumbo lisage chakula kwa haraka gani, mwili uchome mafuta kiasi gani, ubongo uwaze namna gani. Zikipunguka, kila kitu kinaenda pole pole. Zikizidi, kila kitu kinakimbia.

Chini ya ubongo kuna tezi ingine ndogo yenye kuchunga ile ya shingo. Inatuma homoni yenye kuitwa TSH. Iwaze sawa kapita wa wafanyakazi: kama kazi inaenda pole pole, anapaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu mu egzame ya damu, ni kusema tezi ya shingo inaitwa kwa nguvu na haiitikie sawasawa.

Kusudi itengeneze homoni hizo, tezi inaomba iode. Mutu muzima anahitaji karibu mikrogramu 150 kila siku, na mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha karibu 250. Ni kidogo sana, hata haijaze ncha ya sindano. Lakini mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Inapashwa itoke mu chakula.

Kwa nini shida hii inajulikana sana huku kwetu

Iode nyingi ya dunia iko mu bahari. Sisi tuko mbali na bahari, tena tuko ku milima yenye mvua kubwa, na mvua ya miaka na miaka ilisafisha udongo. Udongo ukikosa iode, maharagi, viazi na mboga zenye kutoka ndani yake zinaikosa pia.

Kisiwa cha Idjwi, mu ziwa Kivu, kinajulikana na wanganga wa dunia nzima kwa sababu hiyo. Mu miaka ya 1960, watafuti wenye walifanya kazi na kituo cha Lwiro, mu teritware ya Kabare, walienda kupima watu wa kisiwa. Upande wa kaskazini karibu nusu ya watu walikuwa na uvimbe wa shingo, ule wenye wanganga wanaandika goitre. Upande wa kusini-mangaribi walikuwa wachache sana. Lakini iode ilikuwa kidogo pande zote mbili. Kulikuwa basi kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa muhogo. Muhogo muchungu uko na sumu ya asili. Kama haikutolewa muzuri, mwili unaigeuza kuwa kitu kingine chenye kinazuia tezi kukamata ile iode kidogo yenye inapita mu damu. Munganga François Delange na wenzake wakaendelea na uchunguzi huo huku Kivu na pia mu Ubangi, upande wa kaskazini-mangaribi ya inchi. Katika mwaka wa 1980 kitabu kizima kilitoka juu ya muhogo na uvimbe wa shingo, na mu wenye walikitayarisha kulikuwa Delange, Ermans na Mbulamoko.

Hii haina maana kwamba tuache bugali ya muhogo ao sombe. Ina maana kwamba tuutayarishe sawa vile wazee walifundisha: kuuloweka siku za kutosha mupaka ulainike, kumwaga yale maji, kuukausha muzuri ku jua, kisha kuusaga. Sombe nayo itwangwe muzuri na ichemuke kwa muda murefu bila kufunika chungu. Njia ya mukato, ya siku moja, yenye watu wanafanya wakati wa njaa ao wa kukimbia vita, ndiyo yenye hatari. Na hatari inakuwa kubwa zaidi pale iode iko kidogo.

Tangu miaka ya 1990, Kongo inaomba chumvi ya kula iwe na iode, na hiyo imepunguza sana uvimbe wa shingo mu vijiji vingi. Lakini mwili wenye ulikosa iode miaka mingi unaweza kushituka. Mu miaka hiyo hiyo, wanganga wa Kivu waliona watu wenye tezi zao zilianza kukimbia kupita kipimo kisha chumvi yenye iode nyingi kufika sokoni. Tutarudilia neno hilo, kwa sababu linaeleza kwa nini mutu hapashwe kujipatia iode yeye mwenyewe.

Sababu zingine, mbali na iode

Si kila mugonjwa wa ipotiroidi alikosa chumvi nzuri. Kuna sababu zingine:

– Askari wa mwili wanakosea, wanaanza kupiga tezi sawa adui. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, jina ya munganga wa Japani mwenye aliueleza mu mwaka wa 1912. Unapata wanamuke kupita wanaume, na mara nyingi unakamata watu wa jamaa moja. Mahali kwenye iode inatosha, huo ndio sababu ya kwanza.

– Operesheni ya shingo. Mutu mwenye walimutoa tezi yote anapashwa kunywa homoni maisha yake yote. Kama walimutoa nusu, anapashwa kupimwa damu, kwa sababu ile nusu yenye ilibaki inaweza kushindwa kazi.

– Dawa zingine. Kuna dawa ya moyo yenye kuitwa amiodarone, na dawa ya akili yenye kuitwa lithium. Kuna pia dawa za kifua kikuu sugu, sana sana éthionamide, prothionamide na PAS. Mugonjwa mwenye kutunzwa kifua kikuu sugu akianza kuvimba uso, kusikia baridi na kukosa nguvu, asiseme tu kwamba dawa zinamuchokesha. Amuambie munganga wake, lakini asiache dawa za kifua.

– Kisha kuzaa. Mama wengine, mu miezi ya kwanza kisha kuzaa, tezi yao inavurugika. Inaweza kukimbia kwanza, kisha kuenda pole pole. Kwa wengine inajirudilia yenyewe, kwa wengine inabaki.

– Kuzaliwa nayo. Mutoto mumoja kati ya 2000 mupaka 4000 anazaliwa na tezi yenye haifanye kazi ao yenye haiko kabisa. Mahali kwenye iode inakosekana sana, wanakuwa wengi zaidi.

Alama zenye kuonesha

Hakuna alama moja yenye inatosha. Kila moja inaweza kutoka ku ugonjwa mwingine. Lakini mutu akiona nyingi zinakutana, na zinaendelea miezi, awaze juu ya tezi:

– uchovu wenye hauishe hata kisha kulala;
– kusikia baridi kupita wengine;
– kuongeza kilo kidogo wakati hamu ya kula imepunguka;
– ngozi kavu, nywele kukatika, nyusi kupunguka ku pembe;
– kufunga choo;
– sauti nzito, uso na macho kuvimba asubuhi;
– moyo kupiga pole pole;
– kusahau, kuwaza pole pole, huzuni bila sababu;
– kwa wanamuke, damu ya mwezi kuwa nyingi ao kuvurugika, kukawia kupata mimba, mimba kutoka;
– kwa mutoto, kutokurefuka na kuenda nyuma ku masomo.

Hapa inafaa kutosha mchanganyiko mumoja. Shingo kuvimba na ipotiroidi si kitu kimoja. Mutu anaweza kuwa na shingo kubwa na damu yake iwe sawa kabisa. Mwingine anaweza kuwa na shingo laini bila uvimbe na tezi yake imelala. Na wa tatu anaweza kuwa na uvimbe wenye kukimbia: anakonda, mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio. Watu hao watatu wanaweza kukaa ku banki moja kwenye kituo cha afya, na kila mumoja anapashwa kupata matunzo yake.

Ni kwa hiyo kuazima dawa kwa jirani ni hatari kubwa. Mwenye tezi yenye kukimbia wanamupatia dawa yenye kuituliza, sawa carbimazole. Mwenye tezi yenye kulala akimeza dawa hiyo juu tu « shingo yetu inafanana », anaizimisha kabisa.

Egzame gani ya kuomba

Munganga ataangalia shingo, atapima moyo na kilo, atauliza maswali. Lakini bila damu hakuna mwenye anaweza kuwa na hakika. Egzame ya kwanza ni TSH. Kama pesa ni kidogo na inapashwa kuchagua moja, mara nyingi hiyo ndiyo yenye inaeleza zaidi. TSH ikiwa juu, wanaongeza T4 ya bure, yenye ku karatasi ya labo inaandikwa T4 libre ao FT4. T4 ikiwa chini na TSH ikiwa juu, ugonjwa umejulikana. TSH ikiwa juu kidogo na T4 iko sawa, munganga anaweza kuomba kungoja na kupima tena kisha miezi michache, isipokuwa kwa mwanamuke mwenye mimba ao mwenye kutafuta mimba.

Vituo vingi vya afya mu vijiji havina mashini ya kupima TSH. Hiyo haina maana kwamba njia imefungwa. Omba infirmie mukubwa wa kituo akuandikie karatasi ya kukutuma ku hospitali ya zone ya afya ao ku labo ya muji. Mahali kwingine wanakamata damu, wanaitenga, kisha wanaituma. Uliza mbele: bei gani, jibu litatoka siku gani, na kama inaomba kurudi. Mutu mwenye kulipa moto ao mashua kutoka mbali hapashwe kupoteza safari mara mbili. Uchunge karatasi za majibu, usizitupe. Munganga mwingine atahitaji kuona TSH ilikuwa wapi na inaenda wapi.

Dawa na namna ya kuinywa

Dawa inaitwa levotiroksini. Ku karatoni wanaandika lévothyroxine ao L-thyroxine. Ni ile ile homoni T4 yenye tezi ingepashwa kutengeneza. Haiko dawa ya kuua kidudu sawa antibiotike, yenye unamaliza kwa siku saba. Inajaza kitu chenye mwili unakosa, sawa vile unaongeza maji mu bidon yenye inatoka kila siku. Iko pia mu liste ya dawa za lazima ya OMS.

Kipimo kinatokana na kilo, miaka, moyo na mimba. Mutu muzima mwenye tezi yake haifanye kazi kabisa anahitaji karibu mikrogramu 1,6 kwa kila kilo moja ya mwili. Mwenye kilo 60 anafika karibu mikrogramu 100 kwa siku. Lakini muzee, ao mutu mwenye ugonjwa wa moyo, anaanza na kidogo sana, mikrogramu 12,5 ao 25, kisha wanapanda pole pole. Ndiyo maana kipimo cha mutu hakiwezi kuwa kipimo cha dada yake. Angalia pia maandishi: mikrogramu 100 ni sawa na miligramu 0,1. Mutu akichanganya mikrogramu na miligramu, anaweza kumeza mara kumi ao zaidi.

Kanuni za kila siku ni chache:

– Kunywa asubuhi, tumbo tupu, na maji matupu. Kisha ungoje dakika 30 mupaka 60 mbele ya kula ao kunywa chai, kahawa ao maziwa. Mwenye hawezi asubuhi anaweza kunywa usiku, angalau masaa matatu kisha chakula. Jambo kubwa ni kuchagua saa moja na kuishika.

– Dawa ya fer, kalsiamu na dawa za asidi ya tumbo zikae mbali na levotiroksini, masaa manne. Zikikutana mu tumbo, fer inafunga homoni na inapita bure. Soya nayo inafanya vile, hata uji wa soya wenye tunapatia watoto na wagonjwa.

– Ukisahau asubuhi, kunywa wakati unakumbuka siku ile ile. Ukikumbuka kesho yake, endelea tu na kidonge cha siku hiyo.

– Chunga dawa mbali na jua, joto na maji. Mu Uvira, Kalemie ao Kindu kwenye joto iko mingi, usiiache chini ya mabati ya nyumba ao mu mufuko wa koti. Ibaki mu karatoni yake.

– Kama duka la dawa limekupatia aina ingine, na jina ingine ku karatoni, angalia kama idadi ya mikrogramu ni ile ile, na umuambie munganga. Anaweza kuomba kupima TSH tena.

Usingoje muujiza kesho. Nguvu inaanza kurudi kisha wiki mbili ao tatu, na ngozi na nywele zinaomba miezi. TSH inapimwa tena kisha wiki 6 mupaka 8. Mbele ya hapo jibu halieleze ukweli. Wakati kipimo kimefika sawa, kupima mara moja ao mara mbili kwa mwaka kunatosha.

Kunywa kupita kipimo nako ni ugonjwa: moyo kupiga mbio, jasho, kukosa usingizi, mikono kutetemeka, kukonda. Mu miaka mingi inaharibu moyo na mifupa. Kwa hiyo mutu asiinywe kusudi apunguze kilo, hata kama rafiki amemuambia kwamba inakondesha.

Mimba na mutoto muchanga

Hapa ndipo mambo inakuwa ya haraka. Mu miezi ya kwanza ya mimba, ubongo wa mutoto unategemea homoni ya mama, kwa sababu tezi yake haijaanza kazi. Mama mwenye ipotiroidi akiacha dawa juu ya kuogopa « kumeza vidonge wakati wa mimba », ndipo anaweka mutoto mu hatari: mimba kutoka, kuzaa mbele ya wakati, mutoto kuwa na shida ya akili.

Kinyume chake, mimba inaomba homoni nyingi zaidi. Mara nyingi kipimo kinapanda kwa sehemu moja ya nne ao zaidi, tangu mimba inajulikana. Mama asingoje mwezi wa tano kusudi aende CPN. Aende siku ya kwanza anajua, na aseme waziwazi: « Niko na ugonjwa wa tezi na ninakunywa levotiroksini. » Ku CPN watamupatia fer na asidi foliki. Avinywe, lakini masaa manne mbali na levotiroksini: kwa mufano homoni asubuhi, fer mangaribi. Kisha kuzaa, munganga atapunguza kipimo. Kunyonyesha hakuna shida. Dawa haiharibu maziwa.

Kwa mutoto muchanga, mara nyingi hakuna alama siku anazaliwa. Alama zinakuja pole pole: macho na ngozi ya njano yenye haiishe, kulala sana, kunyonya kidogo, kulia kwa sauti nzito, ulimi mukubwa, kitovu kutoka inje, choo kufunga. Watu wanasema « mutoto mutulivu, hasumbue mama yake ». Apimwe. Akianza dawa mu wiki mbili za kwanza, anaweza kukomaa na akili yake yote. Kila mwezi wenye kupita bila dawa, ubongo unapoteza kitu chenye hakirudi.

Chumvi, chakula na dawa za barabarani

Chumvi ya iode inakinga jamaa yote, na inapashwa kutumiwa mu kila nyumba. Angalia ku mufuko kama wameandika kwamba iko na iode. Chumvi yenye kuuzwa kwa kopo, mu bachi ku jua na ku mvua, inapoteza iode. Nunua mufuko wenye kufungwa, weka chumvi mu chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na uitie mu chungu ku mwisho wa kupika. Kuongeza chumvi kupita kipimo si dawa, kunapandisha tansio. Samaki wa bahari sawa Thomson na makayabu wako na iode kupita sambaza na ndagala zetu zenye kutoka mu maji matamu, lakini makayabu iondolewe chumvi muzuri.

Lakini mutu mwenye tezi yake imekwisha kuharibika ao ilitolewa, chumvi haiwezi kushika nafasi ya kidonge. Chumvi ni kama makaa kwa jiko. Kama jiko limevunjika, kuongeza makaa hakutaivisha bugali.

Mutu asijipatie matone ya iode, ao dawa za kuongeza nguvu zenye kuuzwa barabarani na mu bisi. Iode nyingi kwa ghafula inaweza kuzimisha tezi ao kuikimbiza, sawa tulivyosema juu. Na vidonge vya sélénium navyo si muchezo: mu Ubangi, watafuti waliona kwamba kupatia watu sélénium mbele ya kuwapatia iode kulishusha homoni zao zaidi.

Wakati njia zimefungwa

Mugonjwa wa ipotiroidi wa huku kwetu anaishi na shida yenye vitabu vya Ulaya havieleze: vita, barabara kukatika, soko kufungwa, watu kukimbia. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati Nyiragongo ililipuka, na siku chache nyuma wakati watu wa Goma waliombwa kuhama, wengi walitoka na watoto na godoro tu. Dawa ilibaki nyumbani.

Kuna vitu vya kutayarisha mbele. Uwe na vidonge vya mwezi mumoja vya kuongeza, kama mufuko unaruhusu. Andika ku kipande cha karatasi jina ya dawa, mikrogramu ngapi, na TSH ya mwisho, kisha uiweke pamoja na karte ya uchaguzi. Piga picha yake mu telefone. Mutu mumoja wa nyumba ajue dawa inakaa wapi.

Na dawa ikiisha? Usishituke siku ya kwanza. Homoni hii inakaa mu damu: kisha siku saba, karibu nusu ingali inabaki. Siku mbili ao tatu bila kidonge haziue mutu. Lakini wiki na miezi zinarudisha ugonjwa wote. Wakati vidonge vinabaki kumi, anza kutafuta, usingoje kimoja. Ku kambi ya wakimbizi, ku kituo cha afya ao kwa wa RECO, sema ugonjwa wako hata kama umekuja juu ya mutoto mwenye homa. Mwenye alikaa miezi mingi bila dawa, sana sana muzee ao mwenye moyo mugonjwa, asirudilie kipimo kikubwa bila kuonana na munganga.

Maneno yenye tunasikia mara nyingi

« Nimepona, nimeacha. » Ulisikia muzuri kwa sababu ulikuwa unakunywa. TSH ikiwa sawa, ni kidonge kinafanya kazi. Kwa watu wachache, kwa mufano wamama wengine kisha kuzaa, munganga anaweza kujaribu kusimamisha dawa na kupima. Ni yeye anaamua, na damu ndiyo inashuhudia.

« Ni karuho. » Mwenye kutapishwa na kupewa dawa za kienyeji kwa miezi anapoteza pesa na wakati, na ugonjwa unaendelea. Mbele ya kushitaki jirani ao mukwe, pimeni TSH. Egzame moja inaweza kuokoa mugonjwa na pia amani ya jamaa.

« Tumeombea, tupa vidonge. » Maombi na kidonge havigombane. Mugonjwa aombe, na asubuhi anywe dawa yake. Mwenye kumuambia aache hatakuwa pale wakati atavimba tena.

« Ni muvivu, anakula bure. » Neno hilo linaumiza kupita ugonjwa. Bwana, bibi, mama-mukwe: kama mutu mwenye alikuwa anaamuka saa kumi na moja kwenda shambani amebadilika, ulizeni mwili wake mbele ya kuhukumu moyo wake.

Wakati wa kukimbia hospitali

Mwenye alikaa muda murefu bila kutunzwa anaweza kufikia hatari ya kifo, mara nyingi wakati homa, kifua ao baridi kali inamuongezea. Ukiona mugonjwa wa tezi anasinzia na haamuke muzuri, anaongea ovyo, mwili umekuwa baridi, anapumua pole pole, muvike nguo za joto na mumupeleke hospitali saa ile ile. Usimupatie dawa za usingizi, wala kumulazimisha kumeza kama hajitambue. Kwa mwenye kunywa dawa, kifua kuuma, moyo kukimbia ovyo ao kukosa pumzi navyo havingoje kesho.

Kwa wengine wote hakuna mbio, kuna tu uaminifu: kidonge asubuhi, maji, nusu saa, kisha chai. Kama unajitambua mu alama zenye tulitaja juu, ao unamutambua mama yako, dada yako ao mutoto wako, anza na kituo cha afya chenye kiko karibu na uulize neno hili moja: « Munaweza kunipima TSH? »